Malizia Kwenye Valvu

4 Machi

Baba,

Shikamoo.

Najua umeuona mwandiko kwenye bahasha ukakaa nayo kwanza, ukaigeuza huku na huku kama tyubu unayoitafutia tundu. Ni mimi kweli, Nati wako. Niliondoka mwezi mmoja baada ya kumzika ndugu yangu Mluzi, na miaka mitatu hii sijakuandikia hata mstari. Sina la kujitetea. Namba yako ya zamani haiiti, na huku nilipo mtandao wenyewe ni wa kubahatisha. Ila tusidanganyane, hata mtandao ungekuwepo nisingepiga.

Nimepata kazi. Nachukua damu na makohozi ya wagonjwa kutoka zahanati sita, nayapanga kwenye sanduku la baridi nyuma ya pikipiki, nayafikisha maabara kabla hayajaharibika. Zahanati ya mbali kabisa ni saa tatu kwa barabara ya kokoto. Pikipiki wamenipa, na kofia wamenipa. Watu wananijua kwa hiyo kofia. Nikifika wananipitishia chupa dirishani, wanasema saini hapa, nasaini, naondoka. Kuna wiki naimaliza bila kusema neno lolote zaidi ya "tayari".

Sasa shida iliyonifanya nikuandikie. Kokoto zinakula tairi vibaya mno. Fundi aliye karibu yuko huko huko mjini iliko maabara, na juzi alinibandulia tairi kwa bisibisi na nyundo. Akaikwaruza ringi, nikasikia kama anakwaruza jino langu. Nimeapa harudii. Nataka nibadilishe tairi mwenyewe na kulisawazisha mwenyewe. Niambie ninunue nini na nini, halafu nieleze kuanzia mwanzo kama vile sikuwahi kujua. Tangu siku ile sijashika nondo ya tairi, na mikono imesahau.

Sina jingine. Ninalo, lakini litangoja.

Binti yako,
Nati


19 Machi

Nati mwanangu,

Marahaba.

Barua yako niliipokea kwa jirani yetu Mama Cherehani, kwa sababu mleta barua alikuta mlango wangu umefungwa. Nilikuwa nyuma naosha ringi.

Usinunue kitu. Siku hizi madukani wanauza nondo za bati, ukiikandamiza mara moja inapinda kama kijiko. Nakutumia zangu. Kwenye kifurushi, ambacho Mama Cherehani amekishona kwa turubai na sindano yake ya magunia, utakuta nondo tatu bapa za kubandulia tairi. Ncha zake nimezipiga msasa, pitisha kidole uone, hazina ukali. Utakuta vikinga vinne nilivyokata kwenye dumu la mafuta, unavivalisha ukingo wa ringi ili nondo isiikwaruze. Ufunguo mdogo ni wa kutolea moyo wa valvu upepo uishe wote, maana wavivu hubonyeza kwa kijiti wakidhani upepo umeisha, kumbe bado. Kuna poda, kuna kipande cha sabuni na brashi. Na kuna chaki.

Fanya hivi. Toa upepo wote. Panda juu ya tairi kwa visigino mpaka midomo yake, zile kingo mbili za ndani, iachie ringi. Vua mdomo mmoja kwa nondo, hatua fupi fupi, kila hatua upana wa vidole vitatu. Tairi jipya lipake maji ya sabuni midomoni. Tyubu ipake poda, uitie pumzi mbili tu ili iwe na umbo, isijikunje. Tairi jipya lina doa dogo la rangi ubavuni. Doa hilo likae usawa wa valvu, kwa sababu hapo ndipo tairi lilipo jepesi, na valvu ni nzito, basi zinafidiana.

Sasa sikiliza kwa makini. Kufunga mdomo wa mwisho, anza upande ulio mkabala na valvu, zunguka kushoto na kulia, malizia kwenye valvu. Narudia kwa sababu hakuna la muhimu kuliko hili: malizia kwenye valvu. Ukijikuta unatumia nguvu, acha. Tairi likikataa usibishane nalo, kuna mahali umekosea wewe.

Kabla hujafunga, andika kwa chaki ndani ya tairi tarehe na alama yako, kama tulivyozoea. Fundi asiyeweka alama kwenye kazi yake ana mpango wa kuja kuikana.

Mimi sijambo. Karakana imejaa wateja hadi nakosa pa kukaa. Gurudumu la mbele la Mluzi linaning'inia palepale juu ya benchi. Sijalifungua na sina haja ya kulifungua. Kila mtu anajua ni kazi ya mkono wangu.

Baba yako


30 Machi
(Hii siitumi. Naiandika tu.)

Baba,

Kila mtu anajua ni kazi ya mkono wako. Nimesoma mstari huo nikainuka nikafunga mlango, kana kwamba kuna mtu angeuona uso wangu.

Haikuwa kazi ya mkono wako. Wewe ulilifunga tairi lile Alhamisi. Ijumaa jioni, ulipokuwa umekwenda kumwona daktari wa macho, Mluzi alikuja anasukuma pikipiki. Tairi lilikuwa linavuja polepole. Akaniambia, "Dada, usimwambie Mzee. Kazi yake haijawahi kurudi hata siku moja, atakosa usingizi." Nikacheka. Nililifungua, nikakuta mwiba. Si kosa lako, ni mwiba tu. Nikabandika kiraka, nikalifunga. Mdomo wa mwisho ulikuwa mgumu, nikaulazimisha. Mluzi alikuwa amekaa juu ya ndoo anapiga mluzi wake ule wa kukera, na mimi nilitaka nimalize kabla hujarudi.

Jumamosi akateremka kile kilima cha machimbo ya mawe, tairi la mbele likaisha upepo kwa mara moja. Ulisimama kaburini ukasema mbele ya watu wote, "Ni mkono wangu huu." Ukaunyanyua. Mimi nilikuwa nyuma yako, hatua mbili. Nikanyamaza.

Na ndani ya tairi lile, chini ya alama yako ya mistari miwili ya Alhamisi, kuna duara langu dogo lenye tundu katikati, na tarehe ya Ijumaa. Nililichora bila kufikiri, mkono ulizoea. Siku utakapolifungua utaniona. Miaka mitatu nimelala nikilifikiria gurudumu hilo.

Ukisema hujalifungua napumua. Halafu najichukia kwa kupumua.


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kifurushi kimefika kizima. Mwambie Mama Cherehani ameshona kwa mishono ya mtu anayeshona mfuko wa maiti, nilikesha nafumua.

Nimebadilisha tairi la nyuma. Mara ya kwanza niliitoboa tyubu, mara ya pili niliitoboa tena pembeni ya kiraka cha kwanza, na ya tatu ikakubali. Ilinichukua tangu asubuhi hadi saa tisa. Nilifanyia uani nyuma ya zahanati, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni waligeuza viti wakanitazama mimi. Bibi mmoja alinishangilia. Nilipofunga mdomo wa mwisho ulishuka wenyewe, Baba, bila nguvu. Sikuamini.

Ndiyo maana nauliza. Zamani ulinifundisha kinyume chake. Ulikuwa unasema anza kwenye valvu ili ikae imara, malizia upande wa pili. Nakumbuka vizuri, uliniimbisha. Sasa unasema malizia kwenye valvu, na umelisema mara mbili. Umebadilisha lini?

La mbele nalo nimelibadilisha. Likikolea mwendo mikono inatetemeka hadi mabegani, na chupa zinagongana kwenye sanduku. Nisawazisheje bila mashine? Fundi wa kule ana mashine, lakini nimeshakuambia nimeapa.

Mwandiko wako umepinda kidogo. U mzima?

Nati


21 Aprili

Nati,

Marahaba. Mimi ni mzima kabisa. Nilikuwa naandikia juu ya benchi, na benchi lina mguu mmoja mfupi. Unalijua.

Umeuliza nimebadilisha lini. Fundi hujifunza mpaka kufa. Yule anayejifanya hamnazo akiona njia bora, huyo ni muuza vyuma tu. Endelea kumalizia kwenye valvu, basi.

Kusawazisha hakuhitaji mashine. Mashine ni ya watu wenye haraka. Nakutumia stendi yangu, ile niliyochomelea mwenyewe, na ekseli yake iliyonyooka, na kikopo cha vipande vya risasi, yale madini mazito. Litoe gurudumu kwenye pikipiki, lipitishe kwenye ekseli, uliweke juu ya stendi mahali palipo sawa. Lisukume polepole kisha usiliguse. Vuta subira. Litazunguka, litasita, litarudi nyuma kidogo, litatulia. Upande ulio chini ndio mzito. Upande ulio juu kabisa utie alama ya chaki, na kwenye spoki iliyo karibu bana kipande kimoja cha risasi kwa koleo. Anza na kidogo. Sukuma tena. Ukiona halichagui tena upande, kwamba ukiliachia robo linabaki robo, ukiliachia nusu linabaki nusu, basi limesawazika. Usiku wa kwanza nilipofaulu hilo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikamwamsha mama yenu kuja kulitazama gurudumu lisilofanya chochote. Akatazama akasema, "Ndilo hilo?" Akarudi kulala.

Hapa hakuna jipya. Asubuhi nawasha kompresa. Inanguruma mpaka inajaa, halafu inakohoa mara moja na kunyamaza, na ikinyamaza chumba kinakuwa kikubwa mno. Basi nafungulia upepo utoke ili iwake tena.

Wateja bado ni wengi.

Baba yako


8 Mei

Binti yangu Nati,

Hujambo? Mimi ni Mama Cherehani, wa mlango wa pili kwa baba yako. Anwani yako nimeitoa kwenye kifurushi, maana mimi ndiye ninayevishona na ndiye ninayeviandika juu. Nimesikia umeusema mshono wangu. Sawa. Kifurushi kijacho nitakishona kwa uzi wa buibui, kikifika na nondo moja usinilaumu.

Baba yako asijue kama nimekuandikia. Mimi si mtu wa umbea, umbea ndio unaonifuata. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mzee huyu anaficha mengi.

Karakana imefungwa, mwanangu. Haikufungwa jana, huu ni mwaka wa pili. Nani atapeleka gurudumu kwa fundi anayemwambia kila mtu kwamba mkono wake ndio uliomuua mwanawe? Anawaambia hata wasiomuuliza. Mwendesha pikipiki mgeni akisimama tu kuulizia upepo, anaambiwa. Nilimgombeza mara moja, nikamwambia ajali ni ajali, funga mdomo ule chakula chako. Akanijibu, "Mama, nikinyamaza wataanza kuulizana ni nani." Sikumwelewa na mpaka leo sijamwelewa.

Kila asubuhi anafungua mlango wa nyuma, anawasha ile kompresa, na hakuna tairi hata moja mle ndani. Tunasikia tu inanguruma na kunyamaza, inanguruma na kunyamaza. Vifaa vyote alivyokutumia amevitoa ukutani kwake. Ukuta umebaki na misumari na vivuli vya vifaa, maana unajua alivyokuwa amevichorea kila kimoja mahali pake. Gurudumu la marehemu tu ndilo limebaki.

Na mkono wa kulia unatetemeka. Akinywa chai anashika kikombe kwa mikono miwili na kujifanya anapasha viganja.

Mimi nimesema. Uamuzi ni wako.

Mama Cherehani


17 Mei

Baba,

Shikamoo.

Usiitikie kwanza. Soma hadi mwisho ndipo uamue kama utaitikia.

Tairi la mbele la Mluzi, aliyelifunga mara ya mwisho ni mimi. Ijumaa, ulipokwenda kwa daktari wa macho. Kulikuwa na mwiba, nikabandika kiraka, nikalazimisha mdomo wa mwisho kwa nondo. Yeye mwenyewe aliniomba nisikuambie ili usihuzunike. Si kosa lake, alikuwa anakupenda. Kosa ni langu la kulifunga vibaya, na baya zaidi ni lile la kaburini. Ulinyanyua mkono wako mbele ya watu nami nikauacha uwe juu peke yake.

Lifungue gurudumu lile. Utakuta mistari yako ya Alhamisi na chini yake duara langu la Ijumaa. Kisha waambie watu. Mwambie kila uliyemwambia. Ningekuja kuwaambia mwenyewe ningekuwa na moyo huo, lakini nimejaribu mara mbili kwenda kukata tiketi na miguu yote miwili imegoma.

Nilikuandikia kuuliza nondo na sabuni kwa sababu sikujua njia nyingine ya kubisha hodi kwako. Tairi nilikuwa nalihitaji kweli. Lakini nilikuhitaji wewe zaidi. Huku nina chumba kimoja, kitanda, jiko dogo, na ukuta ambao sasa nimeupigilia misumari na kutundika vifaa vyako. Jioni navitazama. Ndio watu wangu.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba tu usiendelee kubeba kisicho chako.

Nati


16 Juni

Baba,

Shikamoo.

Mwezi umepita. Kila Jumatano, siku ya barua, nasimama dirishani zahanati kabla hawajafungua. Karani ananionea huruma, siku hizi anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Kama umeamua kutonijibu, nimekuelewa. Niandikie neno moja tu kwamba u mzima. Au mwambie Mama Cherehani aniandikie.

Gurudumu la mbele nimelisawazisha. Ukiliachia robo linabaki robo. Sikuwa na mtu wa kumwita aje kulitazama.

Nati


24 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Marahaba ya ile ya Mei, na marahaba ya hii.

Sikukunyamazia. Hii ni mara ya tano naandika. Nne za kwanza mkono uliziharibu, hata mimi mwenyewe sikuweza kuzisoma. Benchi halina mguu mfupi. Mama Cherehani alijitolea kuniandikia, nikamwambia hii lazima iwe ya mkono wangu hata nikitumia wiki nzima. Nimetumia wiki nzima.

Nilikudanganya. Gurudumu lile nililifungua siku ya nne baada ya maziko. Wewe ulikuwa umelala chumba cha pili na mlango wazi. Niliona mistari yangu. Niliona duara lako. Kiraka chako kilikuwa safi, hakikuachia hata ukingo, kazi nzuri. Lakini mkabala na valvu tyubu ilikuwa imeng'atwa na nondo, alama mbili, na moja ilikuwa imechanika. Nikakaa chini sakafuni. Sikukuchukia hata dakika moja, Nati. Nataka ulisome hili kwanza kabla ya mengine yote.

Kisha nikajiuliza, mbona imeng'atwa pale pale? Kwa sababu pale ndipo ulipomalizia. Na mbona ulimalizia pale? Kwa sababu ndivyo nilivyokufundisha, ulikuwa na miaka kumi na mmoja, nikakuimbisha. Valvu ikiwa imeshafungwa, mdomo wa tairi hauwezi kuzama kwenye bonde la ringi upande ule, kwa hiyo upande wa mwisho unakaza, na mtu analazimika kutumia nguvu. Mimi nilifunga hivyo miaka thelathini. Tyubu zangu ziliponea kwa sababu mkono ulishazoea kukwepa, na mimi nikadhani njia ni nzuri. Kumbe njia ilikuwa mbovu na mkono ndio ulioifunika. Nikakupa wewe njia. Mkono sikuweza kukupa.

Usiku ule nilifunga na kufungua tairi moja bovu mara ishirini mpaka nikaijua njia ya kweli. Ndiyo hiyo uliyouliza nilibadilisha lini.

Kwa hiyo kaburini nilisema nikidhani ni kweli, na baada ya siku ya nne nikaendelea kusema nikijua ni kweli kuliko mwanzo. Niliwaambia watu wote ili asitokee hata mmoja wa kuuliza nani mwingine alikuwa anashika vifaa pale.

Kosa langu ni jingine, na ndilo ninaloomba unisamehe. Nilipoliona duara lako nilirudisha tairi, nikalitundika, nikanyamaza. Nilidhani nakusitiri. Nikangoja uje uniambie mwenyewe. Ulikuwa unakaa mezani unaikodolea sahani, mimi nakutazama, najua, namega tu mkate. Siku ulipoondoka nilijua unachokikimbia. Nikakubebea begi mpaka kwenye gari. Neno moja tu lingekurudisha ndani na sikulisema. Nilikuacha na mzigo ule peke yako miaka mitatu, mtoto wangu mmoja aliyebaki.

Nimekuwa mpweke, Nati. Sijawahi kuliandika neno hilo na sikujua kama ni fupi hivyo.

Jana nimelishusha gurudumu. Mama Cherehani alishika ngazi, akanitukana kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Lile tairi la zamani nimeliondoa. Nimepata tyubu mpya na tairi jipya, doa lake liko usawa wa valvu. Mdomo wa kwanza umeingia kwa viganja tu, sabuni ilitosha. Ndani nimeandika tarehe ya jana na mistari yangu miwili. Imepinda, utacheka. Chini yake nimeacha nafasi.

Mdomo wa pili uko wazi. Siwezi kuufunga, na usidhani ni kwa ajili ya huu mkono. Nimetafuta nondo karakana nzima. Zote tatu unazo wewe.

Baba yako


1 Julai

Baba,

Shikamoo.

Nimepewa ruhusa ya siku kumi na moja, na nimepata mtu wa kubeba sampuli. Tiketi ninayo mkononi, miguu haikugoma. Nitateremka Jumamosi saa nane mchana, na nondo tatu, stendi, risasi zilizobaki na kipande cha chaki.

Kompresa usiiwashe asubuhi hiyo. Nikifika tutakuwa na tairi la kulijaza.

Nati